Arobaini Waliosema Ndiyo

Mtoto wa kaka yake alichapisha kadi kabla ya kupata kazi. Ndivyo Mama Kipimo alivyopenda kuisimulia habari hiyo, pini tatu zikiwa midomoni, huku mteja amesimama mbele yake mikono juu, akipimwa na kucheka kwa adabu. Kadi zenyewe zilikuwa mia mbili, ngumu, zenye kingo za rangi ya dhahabu, na chini ya jina la kijana palikuwa na cheo: Mkurugenzi Mtendaji Mkuu. Mkurugenzi wa nini, kadi haikusema, kwa kuwa siku zilipochapishwa hata mwenyewe alikuwa hajaamua. Tangu siku hiyo shangazi yake aliliweka kando jina alilopewa na wazazi wake, akamwita Mkurugenzi. Na nyumba ile, ambayo haikuwahi kukubaliana hata juu ya zamu ya kufagia ua, ikakubaliana naye kwa hilo.

Mkurugenzi alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili na nia moja isiyotikisika: kufanya biashara ya mtandaoni. Kilichotikisika kila mwezi ni biashara yenyewe. Kwanza ilikuwa manukato. Hakuwahi kununua manukato maishani mwake, na pua yake huziba nusu ya mwaka kwa sababu ya vumbi, lakini nembo alikuwa amekwisha kuichora. Zikafuata chupa za maji zilizoandikwa maneno ya kutia moyo, na Mama Kipimo akataka kujua kama mtu akikata tamaa ndipo hushikwa na kiu. Kisha, bila kupepesa macho, kijana akatangaza kwamba atawafundisha watu kwa simu namna ya kuchagua wazo bora la biashara.

"Kuku amefungua shule ya kuogelea," Mama Kipimo alisema, akageuza pindo na kuendelea kukanyaga cherehani.

"Dunia imebadilika, Shangazi."

"Imebadilika kweli. Zamani mtu alianza na kazi, cheo kikamfuata. Wewe umekitanguliza cheo, na sasa mko wawili mnatafuta kazi."

Kicheko hicho kingedumu mwaka mzima kama kisingefika mlangoni pa chumba chake. Chumba kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara, na dirisha lake pana liliingiza mwanga wa kutosha kutunga uzi hadi alasiri. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na msumari uliotundikwa mkasi ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuugusa, sembuse kukatia karatasi. Humo alikuwa ameshona kwa miaka ishirini na saba. Nyumba yenyewe waliachiwa na baba yao, na mwenye neno la mwisho alikuwa kaka yake mkubwa, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye watu wote walimwita Karani, na ambaye bado aliendesha vikao vya familia kama kesi: kwa daftari la kumbukumbu, kwa kikohozi cha kufungulia, na kwa mazoea ya kumwita mke wake "shahidi."

Mbele ya Karani huyo, ambaye ndiye baba yake, Mkurugenzi alieleza kwamba biashara yake, itakapochaguliwa, itahitaji ofisi na stoo, na kwamba chumba cha mbele ndicho kinachofaa. Cherehani ingeweza kuhamia veranda ya nyuma, kati ya jiko na kamba za kuanikia nguo.

"Isitoshe," akaongeza, "siku hizi wateja wa Shangazi wamepungua."

Mama Kipimo alilijua hilo. Wateja walikuwa wamepungua kweli, na sababu alikuwa nayo tayari: nguo za dukani zilizoshikizwa kwa mate, na kizazi kisichoweza kutofautisha mshono na mkwaruzo. Lakini veranda ile aliijua. Ilikuwa na moshi asubuhi na giza mchana, na fundi anayeshonea karibu na masufuria mwisho wake huletewa matambara ya jikoni. Kuhamishiwa huko kulikuwa kustaafishwa bila barua.

Karani akakohoa. "Mlalamikaji alete wazo moja, si matatu, na alete ushahidi. Baada ya wiki mbili tutasikiliza."

Wiki mbili zilipotimia, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mkurugenzi alisimama sebuleni akiwa amevaa shati jeupe, ingawa hakuna aliyemwomba asimame. Wazo lake safari hii lilikuwa magauni yaliyokwisha kushonwa: picha zake ziko kwenye simu, mteja anachagua, anaagiza, analetewa mlangoni. Na ushahidi anao. Amepita nyumba kwa nyumba, amewauliza wanawake arobaini kama wazo hilo ni zuri na kama wangenunua, na wote arobaini wamesema ndiyo. Majina yao aliyaandika kwenye daftari, na mbele ya kila jina akachora alama ya kijani.

"Arobaini kwa arobaini," Karani alisema polepole, akiyapitia majina yale. "Mimi nimeona watu wakifungwa kwa mashahidi wawili."

Mama Kipimo akaweka kikombe chake mezani. "Ulipowauliza, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, Shangazi. Walinikaribisha ndani. Wengi walinipa chai."

"Basi hukupata ushahidi. Ulipata chai."

"Lakini walisema ndiyo. Wote."

"Wangesema nini? Mtaa huu nani amewahi kumwambia mgeni hapana, mgeni mwenyewe ameshika kikombe? Hapa mtu akialikwa mahali asipotaka kwenda husema atafika. Akipewa mboga iliyoungua husifu sahani. Umekwenda kwa watu waliolelewa, ukakaa kwenye viti vyao, ukawauliza usoni pako kama mtoto wa Karani ana akili. Ulitaka wakwambie ukweli, kwani wao wamekosana na baba yako?"

Wifi yake, mama wa Mkurugenzi, akainamia sakafu ghafla, maana jina lake ndilo lililokuwa la kwanza katika orodha.

"Sasa wewe ungefanyaje?" Karani akauliza.

"Arudi kwa hao hao arobaini. Asiulize kama wazo ni zuri. Ampe mtu simu achague gauni, aandike vipimo vyake papo hapo pamoja na siku ya kumpelekea. Wakiagiza kumi tu, cherehani nitaibeba mimi mwenyewe hadi verandani. Wasipofika kumi, chumba ni changu mpaka siku nitakaposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, na suala hili lisiletwe tena."

Karani akaandika, akasoma kwa sauti aliyoyaandika, akamtaka kila upande utamke kwamba umekubali. Wakakubali. Muda uliotolewa ni wiki moja.

Wiki ile Mama Kipimo alishona dirisha likiwa wazi kuliko kawaida yake. Kila siku alimwona Mkurugenzi akipita juani, simu kifuani kama cheti, akiingia nyumba za watu kwa mwendo wa mkurugenzi na kutoka kwa mwendo wa binadamu wa kawaida. Siku ya pili alivua tai. Siku ya nne alikuwa amechomoa shati kwenye suruali. Mama Kipimo alihesabu dalili hizo kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha.

Siku hiyo hiyo ya nne alipitiwa na Muuguzi, rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa akitoka zamu yake zahanati. Muuguzi akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Amefika kwako?" Mama Kipimo akauliza.

"Amefika, maskini. Nimemwambia nitampigia."

"Namba yake unayo?"

"Sina."

Wakacheka mpaka Muuguzi akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Mtu kama wewe upo, nguo za kwenye simu za kazi gani? Mikono hii ni dhahabu, dada."

"Ila lile gauni lako la buluu sijaliona siku nyingi."

"Nalitunza," Muuguzi alisema, akiinama kuvaa viatu. "Kitu kizuri hakivaliwi ovyo."

Mama Kipimo akaridhika. Wateja wake wengi, alipofikiri, walikuwa watu wa kutunza.

Jumamosi alasiri Mkurugenzi akaingia chumbani bila kubisha, akiwa amebeba gunia begani. Akalishusha sakafuni, akaegemea ukuta.

"Wangapi?" shangazi yake akauliza.

"Mmoja."

"Nani?"

"Mama."

Mama Kipimo alicheka hadi ikambidi ashike meza. "Na wale thelathini na tisa?"

"Kesho. Mwisho wa mwezi. Mpaka mume arudi safari. Mmoja amesema mpaka apungue mwili kwanza. Yule wa nyumba ya kona nilipomwonyesha picha aliniuliza kama nimekula."

"Ukasemaje?"

"Nilikula."

"Umefanya vizuri, walau safari hii umeleta kitu tumboni. Na huo mzigo ni wa nini?"

Mkurugenzi akalitazama gunia kama mtu aliyekuwa amelisahau. "Waliona haya niondoke mikono mitupu. Wakafungua makabati, wakanipa nguo wasizozivaa. Wakasema kama namjua fundi, nimpelekee awarekebishie, wao watalipa." Akajipangusa jasho shingoni. "Wakasema nisikuletee wewe."

"Wamesema hivyo?"

"Karibu wote."

"Kwa nini?"

"Sababu hawakusema. Si wewe uliyeniambia watu hapa hawasemi?"

Mama Kipimo akalipindua gunia juu ya meza ya kukatia. Zilimwagika nguo kumi na tisa. Alishika ya kwanza, akaipindua ndani nje, akatazama mwisho wa pindo, na hapo akaona mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu. Hakuna fundi mwingine aliyemaliza pindo hivyo. Ilikuwa saini yake, aliyofundishwa na mwalimu wake wa ushonaji, mwanamke aliyewachapa wanafunzi vidole kwa rula. Akashika ya pili. Uzi mwekundu. Ya tatu ilikuwa ya dukani. Ya nne, uzi mwekundu. Alipofika mwisho nguo zake zilikuwa kumi na moja, zimekunjwa vizuri, hazijapauka, hazina doa. Na juu ya zote lilikuwa gauni la buluu.

Alilikunja gauni lile, akavuka barabara.

Muuguzi alipofungua mlango na kuona kilicho mkononi mwa rafiki yake, uso wake ulipitiwa na kitu kama kivuli cha ndege, kikapita.

"Hili lina kasoro gani?" Mama Kipimo akauliza.

"Kasoro? Halina kasoro, dada yangu. Linanikaa vizuri sana."

"Umempa mtoto apeleke kwa fundi mwingine."

"Nilitaka tu asiondoke mikono mitupu. Unajua alivyokuwa anatia huruma. Ingia, maji yamechemka."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuuliza gauni hili lina nini."

"Ni zuri," Muuguzi akasema, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Wallahi, dada, ni zuri."

Mama Kipimo akarudi chumbani kwake akiwa na hasira, na hasira ile, kwa kukosa pa kwenda, ikamgeukia aliyekuwa karibu. Alimwambia Mkurugenzi kwamba mtaa umejaa waongo, kwamba mwanamke aliyempima mara ishirini anamdanganya kweupe, na kwamba hayo yote yameletwa na simu.

"Simu haijafanya kitu bado," Mkurugenzi akasema. "Namba yake unayo wewe. Nipe nimuulize mimi."

"Umuulize nini? Nimetoka kumuuliza uso kwa uso."

"Ndiyo maana hakujibu. Nikikaa kwao na kikombe wananisifu mimi. Wewe ukisimama mlangoni wanakusifu wewe." Alikuwa tayari anaandika. "Sitamuuliza kama ni zuri. Ana nguo yako nyingine pale ndani?"

"La kijani. Nilimshonea mwaka jana."

"Basi." Akasoma alichoandika: "Mama, ni mimi, mtoto wa Karani. Naomba uvae lile la kijani, uweke kidole panapokukera, upige picha. Usiandike kitu."

Shangazi yake akaona huo ni upuuzi wa kawaida wa Mkurugenzi, akaketi kwenye kiti cha cherehani kusubiri ushindwe. Simu ikalia kabla hajamaliza kupangusa meza ya mashine. Picha ya kwanza ilionyesha kitambaa cha kijani na kidole kimoja kilichozama chini ya kwapa. Picha ya pili, kwapa la pili. Ya tatu, kidole kilikuwa shingoni, ndani ya ukosi. Ya nne ilipigwa kwenye kioo, na Muuguzi alikuwa amebana kitambaa cha kiunoni kwa ngumi nzima, kikabaki cha kutosha mtu mwingine. Mwishowe yakaja maneno ambayo hayakuombwa: *Usimwonyeshe shangazi yako.*

Mama Kipimo alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Watu wasiokuwa na uso wa kumtazama fundi, ndivyo siku zote alivyowasema wateja wa kwenye simu. Akairudisha simu kwa mwenyewe, akamwambia atoke nje na afunge mlango.

Kati ya nguo zile kumi na moja alichagua moja ya mwanamke wa umbo lake, akaivaa, akasimama mbele ya kioo kilichopasuka. Ilikuwa pana. Ilipaswa kuwa pana; kila upande alikuwa akiongeza vidole vitatu, kama alivyofundishwa, kwa kuwa nguo haishonwi ya siku moja. Wateja walikuwa wakimwomba abane kiuno, naye aliitikia kwa kichwa na kukata alivyojua, kwa maana mteja ni mtu wa kupimwa na si mtu wa kuulizwa. Makwapa alikuwa akiyakata juu na madogo, kwa heshima ya mvaaji. Akavuta pumzi na kujiamuru, kwa sauti ile ile aliyowaamuru wanawake wa mtaa mzima kwa miaka ishirini na saba:

"Mikono juu."

Mikono ilifika mabegani ikagoma. Akajaribu tena, na mshono ukalia. Akabaki amesimama hivyo, viwiko vimetanuka kama kuku aliyeshikwa mbawa, akijitazama. Alijitafutia neno la kujitukana lililostahili, na yeye hakuwa mtu wa kupungukiwa na maneno hayo. Lakini yote aliyoyapata alikuwa amekwisha kumpa Mkurugenzi.

Siku iliyofuata Karani alikohoa, akafungua daftari, akasoma masharti. Maagizo yaliyotakiwa ni kumi. Lililopatikana ni moja, nalo limetoka kwa mama mzazi wa mlalamikaji.

"Shahidi huyo tunamwondoa," akasema, bila kumtazama mkewe. "Chumba kinabaki kwa dada yangu. Suala limefungwa."

Mkurugenzi alilikunja daftari lake la alama za kijani, akalitia mfukoni. Hakubisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwishaanza kufikiria manukato upya.

"Nina neno," Mama Kipimo alisema.

"Umeshinda. Neno la nini?"

"Chumba ni changu, hilo limeandikwa. Sasa uandike na hili. Kwenye meza ya kukatia, upande wa mlangoni, kuna nafasi ya mtu mmoja na simu yake. Atakaa hapo kuanzia kesho. Mkasi hataugusa."

Karani akaiinua miwani. "Kwa biashara ipi? Sheria ilitaka wazo moja."

Mkurugenzi alikuwa amesimama tena. "Ni jukwaa la kisasa, Baba, ambalo mteja popote alipo—"

"Kaa chini," shangazi yake akamwambia. "Ni kurekebisha nguo. Mtu anavaa, anaweka kidole panapomkera, anapiga picha. Haonani na fundi, wala fundi hamwoni usoni. Nguo inachukuliwa, inafumuliwa, inarudishwa. Asiulizwe kamwe kama ni nzuri."

"Nguo za nani?"

Wifi yake akainua macho kutoka sakafuni, na ilionekana wazi kwamba naye alikuwa na kabati.

"Zangu," Mama Kipimo akasema. "Tutaanza na zangu. Zipo za kutosha kazi ya mwaka mzima."

Kalamu ya Karani ilisita hewani, kisha ikaandika.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alikuta ameandaliwa kiti, na mbele yake zile kadi zake mia mbili, zikiwa zimetobolewa moja moja pembeni kwa sindano nene na kufungwa uzi.

"Hizi za nini, Shangazi?"

"Kila nguo inahitaji kikaratasi cha kuandika kasoro yake, na karatasi ngumu ni hizi. Hatimaye zimepata kazi. Wewe subiri zamu yako."

Akalivuta gauni la buluu, akaanza kulifumua makwapa kwa ncha ya wembe, mshono baada ya mshono, akiacha ule mwekundu wa pindo mpaka mwisho. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye kifungo cha juu. Upande mmoja ulisema Mkurugenzi Mtendaji Mkuu, kwa herufi za dhahabu. Upande wa pili, kwa mwandiko wa Mama Kipimo mwenyewe, ulionyooka kama wa ubaoni, palikuwa na maneno matatu: *Kwapa. Shingo. Kiuno.*

Simu mezani ikalia. Ikalia tena.

"Usinisomee majina," akasema, bila kuinua kichwa. "Nionyeshe vidole tu."